Jibini Niliyoisifu kwa Kinywa Changu

(Aliyetuandikia ameomba tumfiche jina, nasi tumemficha. Maneno ni yake mwenyewe.)

Mhariri na wasomaji wenzangu, salaam. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, nina ndoa ya kanisani na watoto wanne. Nimeolewa hapa Kichiwa, kwetu ni Mdandu. Kuandika nilifundishwa shule ya misheni, na sikudhani siku moja nitautumia ujuzi huo kuanika aibu ya nyumba yangu gazetini. Lakini nina kinyaa kisichoondoka, na mama mkwe nikimweleza anacheka.

Mume wangu, ambaye hapa nitamwita Baba Tumaini ingawa silo jina lake, ni mpishi kwa mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Makambako. Hurudi nyumbani Jumamosi. Memsahibu wake alimfundisha kuoka mikate ya kwao, myeusi, ya mviringo, yenye ganda gumu kweli kweli. Tuseme haki, ni mitamu. Niliila miezi miwili ndipo akaniambia, huku anachekelea, kwamba hamira ikikosekana unga huumuliwa kwa ulanzi. Mimi, ambaye sijaonja pombe ya mianzi tangu kipaimara! Nilinuna siku tatu, kisha nikasamehe.

Baada ya mkate ikaja jibini. Kipande cha kwanza mama mkwe alidhani ni sabuni, akakitia kwenye maji ya kufulia. Cha pili kilikuwa na ukungu wa rangi ya bluu na kilinuka kama miguu iliyoshinda ndani ya viatu vya mvua. Nikakataa.

"Onja kidogo, Mama Tumaini, acha ushamba," akasema.

Nikaonja nimeziba pua. Sitawadanganya, niliipenda. Ikawa kila Jumamosi nasimama mlangoni kumngoja mume, kumbe macho yangu yako kwenye kikapu.

Sasa niwaambie habari ya ng'ombe. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, baba yangu alitembea kutoka Mdandu akiniletea mtamba ili wajukuu wake wasikose maziwa. Ni ng'ombe wangu mimi. Krismasi iliyopita alizaa dume, jekundu, lenye baka jeupe kwenye paji la uso lililopinda kama jembe. Watoto wakamwita Noeli. Siku ya tisa niliporudi kutoka shambani, Baba Tumaini alikuwa amesimama nyuma ya nyumba na koleo. Akasema ndama ameharisha, amekufa, amekwisha kumzika. Watoto walilia, wakaweka maua juu ya kaburi, tukaimba pambio. Naye aliimba nasi, tena sauti ya pili.

Ng'ombe wetu hawa, ndama asiponyonya, maziwa hawayaachii. Tulikamua wiki moja, akakauka. Mtoto wangu wa mwisho akarudi kwenye uji mtupu.

Pasaka mume wangu akaleta jibini ya manjano, ngumu kiasi, akasema hii ameitengeneza yeye mwenyewe mwanzo hadi mwisho, na memsahibu amefurahi hata amemwahidi kumkabidhi chumba chote cha jibini. Nilikula vipande vitatu juu ya mkate wa moto. Nikalamba kisu. Nikamwambia, "Mikono yako ibarikiwe, Baba Tumaini."

Mwezi uliopita alisahau koti lake, na baridi yetu mnaijua, nikampelekea kazini. Nikaelekezwa chumba cha jibini. Mlangoni pametandikwa ngozi ya kufutia miguu. Ngozi nyekundu, ndogo, na kwenye paji baka jeupe lililopinda kama jembe. Limejaa matope ya viatu vya watu.

Nikainua macho. Darini yananing'inia matumbo yaliyokaushwa kwa chumvi, ya rangi ya kahawia, yamekunjamana. Mume wangu anakata kipande cha tumbo, anakiloweka, yale maji anayamimina kwenye maziwa. Nikamwonyesha ile ngozi, nikamuuliza kama ni Noeli.

"Bila tumbo la ndama anayenyonya, maziwa hayagandi namna hii," akanijibu, wala hakuona haya. "Yule alikuwa dume, Mama Tumaini. Dume lingekupa maziwa?"

"Na kaburi je?"

"Niliweka magunzi. Watoto wangelia zaidi."

Nikatapika palepale, juu ya ile ngozi. Naye akasema neno ambalo halinitoki mpaka leo: "Mbona ulilamba kisu?"

Kikulacho ki nguoni mwako, walionena hawakukosea. Tangu siku hiyo mkono wake ukinigusa nasikia harufu ya lile tumbo. Watoto wangu waliimbia magunzi! Lakini kinyaa kikubwa ni changu mwenyewe. Jumamosi iliyopita alileta tena jibini, nikaapa sitaigusa, nikaifunika na kuiweka juu ya rafu. Alasiri nilijikuta nimesimama pale, nimefunua kitambaa, mate yamenijaa kinywani. Nilitema nje mara tatu.

Wasomaji, ng'ombe ana mimba tena, amebakiza wiki chache. Baba Tumaini ameniuliza mara mbili siku zake za kuzaa. Jana akasema, "Akiwa dume usiwazoeshe watoto naye." Baba yangu yuko Mdandu, zizi lake lipo. Lakini kwetu mwanamke akionekana barabarani anamrudisha ng'ombe kwa baba yake, hakuna anayeuliza. Wote wanajua ndoa imekwisha, na mchungaji atakuja na Biblia yake. Nikibaki, najua kitakachotokea, na safari hii sitaweza kusema sikujua.

Nipeni shauri ninyi mlio nje ya nyumba hii. Nimswage ng'ombe hadi Mdandu kabla hajazaa, au nikae nilinde ndoa? Jibuni upesi. Watoto wamekwisha kuchagua jina.