Kibiriti Upele

Nakumbuka siku niliyokwenda dukani kununua kibiriti mara tatu kabla ya adhuhuri, na nyumbani kwetu hakuna aliyevuta sigara.

Mwanangu, ilikuwa enzi za Mwingereza, tukiishi Ipuli, pale Tabora. Baba alifanya kazi ya reli kule Tura, mama akishinda shambani. Padri mmoja wa Kipalapala alikuwa amempa mama simbilisi watatu, wanyama wadogo wasio na mkia, wanene kuliko panya, ambao watu hufuga jikoni. Wengine huwala. Mimi niliwapenda. Jike jeupe nilimwita Pamba, na kila asubuhi niliwachana wote manyoya. Nilikuwa binti wa kuogopa doa. Herufi moja ikipinda daftarini, niliandika ukurasa mzima upya.

Basi wakaanza kujikuna. Manyoya yakanyonyoka mgongoni, ngozi ikatoa maganda kama pumba za mtama. Pamba alijikuna mpaka akaanguka ubavu. Unafikiri nilimwambia mtu? Niliona aibu. Niliwaosha kwa sabuni ya kufulia leo, kesho, na keshokutwa, ngozi ikazidi kukauka. Wageni wakija, niliwafunika simbilisi kwa tenga. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini mimi methali nilizijua kwa kuziandika tu.

Siku hiyo ya kibiriti, asubuhi kisimani, nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Upele dawa yake kibiriti, uchanganye na mafuta ya karanga." Sikuuliza neno, nikakimbilia dukani kununua kibiriti. Nilikwangua vichwa vya njiti, nikasaga, nikachanganya, nikampaka Pamba kwanza kwa kuwa ndiye aliyeumwa zaidi. Akajilamba, akatokwa na mate, akakataa majani. Nikadhani dawa haijatosha. Nikanunua kingine, nikaongeza.

Mara ya tatu dukani nilimkuta Bibi Zuwena, mama yake mwenye duka, wa ukoo wa Waarabu wa Tabora.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwenye duka aniambia hiki ni kibiriti cha tatu leo. Nyie Wanyamwezi mmehamishia treni jikoni?"

Sikucheka. Akanishika mkono, akanusa vidole vyangu. Nikaangua kilio, nikasema yote. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanikazia macho.

"Nani kakufundisha?"

"Nimejifunza mwenyewe."

"Basi mwalimu hajui, na mwanafunzi hajui. Dawa ni kibiriti upele, unga wa njano. Hiki cha kwako ni cha kuwashia moto, tena ni sumu. Kimbia ukamwoshe!"

Alinifungia unga kwenye karatasi. Akaniagiza nipake kidogo, penye upele tu. Nichome nyasi zote walizolalia, nianike boksi lao juani, nirudie baada ya siku saba, kwani vidudu vile havionekani kwa macho na mayai yao hubaki. Nami ninawe vizuri, maana upele haubagui.

Nilikimbia. Nilimwosha Pamba kwa maji ya uvuguvugu, nikamkausha kwa kanga ya mama. Alasiri akafia mapajani mwangu. Wale wawili walipona. Mahindi yalipotoa mbelewele, migongo yao ilikuwa imejaa manyoya.

Nakiri kwako, mwanangu: vidudu havikumuua Pamba. Nilimuua mimi, kwa kuogopa kuonekana sijui. Nimejifunza mambo mengi peke yangu tangu hapo, na sijutii, ila sijawahi tena kujaribia ujinga wangu juu ya mwili wa kiumbe asiyeweza kusema "basi".

Ukifuga, mkague mnyama wako kila siku. Ukimwona anajikuna, mtenge, badilisha malalo yake, usimwoshe ovyo, na umwite bwana mifugo mapema. Ukipewa jina la dawa, uliza ni ipi, inafananaje, kiasi gani. Wakikucheka, wacheke, kicheko hakijamnyonyoa mtu nywele.

Mungu akujalie mikono ya upole, na ulimi usioona haya kusema "sijui, nifundisheni". Na wote walio chini ya ulinzi wako, wenye manyoya na wasio nayo, walale bila kuwashwa.