Siku Niliyowasha Hita

Kila mwaka hita ya kupasha nyumba joto inapowashwa kwa mara ya kwanza, vumbi lililolala humo kiangazi chote huungua, na harufu yake hunirudisha kwenye ukumbi wa kanisa huku ughaibuni, mtaa wa Parkdale, nikiwa na miaka tisa.

Mama alisafisha ukumbi ule kila Jumamosi mchana. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na hatukuwa na mtu wa kukaa nami, basi tulikwenda sote. Humo walifanya mazoezi watu watano waliopiga muziki wa kale wa Kifaransa kwa vyombo vya kale: filimbi za mbao, kinanda chembamba kilicholia kama funguo zinazotikiswa, na fidla kubwa za kubanwa magotini, nyuzi zake za utumbo wa kondoo.

"Wanapiga kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto," Mama alisema mara ya kwanza. Lakini kila walipoanza, aliegemea mpini wa dekio nyuma ya mlango, akafumba macho mpaka wamalize.

Nyuzi zile hazikutaka joto, kwa hiyo ukumbi ulikuwa kama friji.

"We Neema, kaa hapo. Usiguse hita. Usiguse hata ukuta," Mama alinionya.

Siku ya onyesho lao, walipotoka kwenda kula, nilizungusha swichi ya hita mpaka mwisho. Nilikuwa nimechoka kutetemeka peke yangu. Waliporudi, kinanda kilikuwa kimeharibika sauti, na uzi mmoja wa fidla ukakatika, pah! Mpiga kinanda, mwanamke mrefu, akauliza nani amewasha hita.

Mama alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Ni mimi," Mama akasema. "Baridi imenizidi. Sori sana."

Hawakumfukuza. Walimwambia tu kwamba tangu siku ile asiingie mpaka wao wawe wameondoka. Njiani nikamuuliza kama amekasirika.

"Funga koti," akanijibu.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba hakupoteza kitu, maana kazi alibaki nayo. Tulimzika Februari. Nilipokaa peke yangu nyumbani kwake ndipo nikaelewa. Miaka ile hakuwa na wa kuzungumza naye Kiswahili mji mzima ila mimi, nami nilimjibu kwa Kiingereza. Kusimama nyuma ya mlango ule akiwasikiliza kulikuwa starehe yake pekee ya wiki, na aliiacha ili mtoto asiaibike mbele za watu.

Nilikuwa na miaka thelathini ya kumwambia samahani. Tulikunywa chai mara nyingi sana. Sikusema.