Mrija wa Mionzi na Maziwa ya Mzee Salumu

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Musoma, na bado nina hasira. Foleni za sabuni zilipokwisha, maduka yakafurika bidhaa za nje, nami nikajiuliza: hivi kwa nini Wazungu watuletee sisi maziwa yao, baada ya kile kinu cha nyuklia kulipuka huko kwao? Maabara yetu ina kipima mionzi cha zamani kilichoachwa na watafiti wa madini. Mrija wake wa kioo ukikutana na mionzi, unalia tik-tik. Nikakibeba mpaka Mwisenge, dukani kwa Mzee Salumu.

Nikausogeza mrija kwenye maziwa ya unga. Tik-tik-tik-tik!

"Wanatuua hawa!" nikafoka. "Wametufanya jalala lao!"

Wateja wakarudisha makopo, mke wangu akiwa wa kwanza.

"Pima na chumvi, Mwalimu," akasema Mzee Salumu. Ukalia. "Hiyo chumvi ni ya hapahapa nchini. Haya, pima meza." Ukalia.

"Duka zima limeoza!" nikapiga kelele.

Mzee akaninyang'anya mrija, akaupeleka mwenyewe kwenye maziwa. Tik moja, basi. Akausogeza kwenye mkono wangu niliokuwa nimeushikia, penye saa ya marehemu baba yenye namba zinazong'aa gizani. Ukalia kama umepagawa.

Rangi ile ya saa za zamani ina mionzi. Nimeifundisha darasani miaka nenda rudi!

"Kumbe unatembeaga nayo mwenyewe," akasema mzee.

Watu wakaanza kunikimbia mimi, mke wangu akiwa wa kwanza tena.