Ukoo wa Alkoholi

Tulikuwa wanne katika chumba chetu cha Xiaobei, huko Uchina: mimi, binti yangu Mwanaisha, aliyekuwa akisoma kemia chuoni, kaka yangu Shaabani, mnunuzi wa nguo aliyekuwa akimlipia ada, na mkewe, wifi yangu Saada. Leo mjukuu wangu amefungua pipi ya ndizi, na kwa harufu yake nikawaona wote tena.

Mwanaisha aliingia ananukia ndizi mbivu, koti zima la maabara.

"Ndizi umekula wapi?" akauliza Shaabani.

"Sijala, mjomba. Harufu tumeitengeneza wenyewe. Unachemsha asidi ya siki na alkoholi."

"Pombe! Basi masomo yamekwisha. Kesho unarudi Tanga."

"Alkoholi ni jina la ukoo, mjomba. Wako wengi, na huyu wetu hanyweki."

"Ukoo wa walevi!"

Saada akamshika mumewe mkono, akaunusa. "Na haya marashi ya dukani unayojipulizia ukienda msikitini, yana alkoholi ya ukoo gani?"

Shaabani akaenda kunawa mpaka viwiko. Aliporudi akasema, "Soma. Ila koti hilo liache nje."

Likaning'inia mlangoni mpaka Mwanaisha akahitimu. Kama neno lile la marashi nililisema mimi, si Saada, anayekumbuka vizuri anisahihishe.