Nilivyoalikwa kula sahani tisa Dubai nikaenda nimeshiba pilau ya Naif

Wakuu, poleni na majukumu.

Kuna jambo limenikaa kifuani wiki kadhaa sasa na nimeona bora niliteme hapa. Wale wa kuandika "chai", yaani nimetunga, nawaomba msome mpaka chini ndipo muandike. Sina ninachouza kwenye uzi huu, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo hutokea mara chache.

Niko Dubai, mitaa ya Naif. Wafanyabiashara wakija kutoka Dar, Mwanza, wengine Kampala, nawazungusha madukani, napatana bei kwa niaba yao, nakagua mzigo, nausafirisha. Katoni naifungua juu, halafu naipindua naifungua na chini. Wauzaji wa pale hawanipendi, ila wananiheshimu. Nikisema "khalas, basi, naondoka", huwa naondoka kweli, sio kwenda kusimama mlangoni nikisubiri kuitwa.

Sasa, nina mdogo wangu wa kike, Rehema.

Alikuja huku kama house girl. Mkataba ulipoisha, madam wake akamwachia kwa amani, akapata kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa mmoja wa wenye hela zao. Jina la mgahawa naliweka pembeni. Anaishi kwenye nyumba za wafanyakazi kule Dubai Investments Park, mimi niko huku Naif, mwisho mwingine wa mji, kwa hiyo tunaonana kwa kubahatisha.

Aliwahi kunipigia akasema amehamishiwa upande wa vitamu. Nikamwambia hongera, huku natazama mtu anavyofunga katoni zangu za viatu. Kichwani kwangu Rehema alibaki muosha vyombo.

Mkataba wake ukakaribia kuisha, na mimi nikawa na mpango wangu.

Mzigo wangu mwenyewe ukifika kwenye duka langu Kariakoo unapokelewa na jamaa ambaye mikononi mwake vitu hupungua kimiujiza. Nikimuuliza anaapa. Nilihitaji mtu wa damu pale dukani. Nikampigia Mama, yuko Tanga, nikamwambia Rehema anarudi nyumbani kusimamia duka. Mama akafurahi sana.

Rehema mwenyewe nilimwambia baadaye.

(Najua. Endeleeni kusoma.)

Hakubisha. Akasema:

"Kaka, hapa kazini wamenipa mkataba mpya. Wanataka jibu wiki hii. Kabla hujasema neno lolote lingine, njoo ule hapa. Ule kwanza, ndipo useme. Ukishakula, utakachosema nitakifuata."

"Hata nikisema urudi?"

"Hata ukisema nirudi. Ila ule kwanza."

Wakuu, mtu akinipa masharti mepesi hivyo, mimi nishaanza kuandika jina la mpokeaji juu ya mzigo. Nikasema deal.

Pale kwao kila mfanyakazi ana nafasi ya kumleta ndugu mmoja kula bure, mchana wa katikati ya wiki. Neno bure huwa linanipa homa. Naif ukipewa kitu bure, jua kuna kingine umeshauziwa. Nikamuuliza mara mbili kama ni bure kweli, pamoja na maji. Akasema pamoja na maji.

Hapa ndipo ujanja wangu ulipoingia.

Nina kanuni moja ya kazi: siendi kupatana bei nikiwa na njaa. Mwenye njaa anakubali haraka ili akale. Tena nilishasikia kwamba migahawa ile inakuletea kipande cha samaki ukubwa wa kifungo cha shati kwenye sahani kubwa kama sinia. Nikaona nisije nikadhalilika. Nikapita kwa mama mmoja wa Mombasa anayepikia watu chumbani kwake pale Naif, nikala pilau ya kuku. Sahani kamili, kachumbari, na ndizi juu yake.

Yule mama akaniangalia. "Wenda wapi leo, baba? Mbona wala kama mtu wa daku?"

"Naenda kula."

Akacheka mpaka akakaa chini.

Nikavaa koti langu, nikapanda metro.

Mgahawa uko juu huko kwenye majengo ya vioo. Mlangoni nikapokelewa na kijana Mganda, Moses, mhudumu. Akanyoosha mkono kwa heshima zote, akaniita bwana kwa Kiganda chao.

"Karibu sana, ssebo. Wewe ndiye ndugu ya Chef Rehema?"

Nikageuka kuangalia kama kuna mwingine nyuma yangu.

Hakuna meza nyingi mle. Unakaa kwenye kaunta ndefu, jiko liko mbele yako wazi, unawaona wanaopika kama unavyomwona fundi cherehani barazani. Hakuna kelele. Cha kwanza nikatafuta sinki liko wapi, maana ndiko nilikotegemea kumwona.

Hakuwa kwenye sinki.

Alikuwa katikati, kavaa nyeupe, kilemba cheusi, mkononi kibano kama cha kutolea miiba. Anaweka jani moja juu ya kitu. Moja. Mfilipino na Mhindi wako pembeni yake wanamsogezea sahani. Akiinama kukagua, anainamisha kichwa upande wa kushoto, vile vile Mama anavyokagua mchele kwenye ungo. Sahani moja akairudisha. Niliitazama ile sahani toka nilipokaa na sikuona ina kosa gani. Mfilipino akasema "Yes, Chef", akaiondoa.

Rehema akainua macho mara moja, akaniona, akanyanyua kidevu kidogo. Basi. Akarudi kazini.

Nikawaza, huyu nani?

Chakula kikaanza kuja. Niliambiwa ni sahani tisa. Kwanza vikaja vidude viwili, kimoja ni kitu kama karatasi kina samaki mbichi juu, na kingine sikukielewa hata baada ya kukimeza. Nikamwinamia Moses.

"Hivi navyo vimo kwenye hesabu?"

"Hapana, ssebo. Hivi ni zawadi ya jikoni."

Mnajua ninavyojisikia kuhusu zawadi.

Halafu nyanya zilizomenywa ndani ya maji meupe kabisa, na yale maji yana ladha ya nyanya kuliko nyanya zenyewe. Halafu mkate wa moto na siagi. Mkate huo, wakuu, sikuwa na sababu yoyote ya kuumaliza, nikaumaliza. Halafu samaki. Halafu samaki mwingine. Halafu vingine viwili vya baharini nisivyovijua majina. Halafu kwale. Halafu nyama ya kondoo iliyoiva laini mpaka kijiko kinaikata. Vidogo vidogo, kweli, lakini vinakuja tu, havikatiki, na kila kimoja kina juisi yake ya kuambatana nacho, kwa sababu Rehema alishaandikisha kwamba situmii kilevi.

Niseme ukweli, nilikula vitu sijawahi kuvila na nikawa natafuta kasoro. Ndiyo kazi yangu, nikiona kitu kizuri mkono unakwenda wenyewe kutafuta mshono uliofumuka. Sikuuona.

Lakini ile pilau ilikuwa imeshaanza kudai haki yake. Kufika kondoo nilikuwa nimelegeza mkanda chini ya koti. Jasho linanitoka kwenye kiyoyozi.

Ndipo Rehema akatoka nyuma ya kaunta mwenyewe.

Akaniwekea sahani mbele. Juu yake kuna limau kavu, lile jeusi wanalotia Waarabu kwenye mchuzi. Ila sio limau. Ni sukari imepulizwa ikawa nyembamba kama ganda la yai, ikapakwa weusi, ina mikunjo mpaka na kikonyo. Ndani yake kuna barafu ya maziwa ya ngamia na limau lenyewe.

"Hii ni yangu, kaka," akasema. "Nimeitengeneza mimi. Sio kwamba nimefundishwa. Nimeitunga."

Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja wa Kiarabu kaletewa ya kwake tayari. Akaligonga lile limau kwa kijiko. Tak. Likapasuka. Akaweka kidogo mdomoni, akafumba macho, akaacha kuongea na mumewe.

Nikachukua kijiko changu. Wakuu, nilikuwa nimefika shingoni. Nilijua nikiongeza kitu kimoja, hata mate, nitaaibika mbele ya watu. Na mdomo wangu, kwa mazoea ya miaka yote, ukamgeukia Moses ukasema:

"Nifungie hii, nitakwenda kula nyumbani."

Moses akabaki kamkodolea Rehema macho.

Kile kitu ni barafu ndani ya sukari. Kinaishi dakika chache tu.

Rehema akanitazama. Akaangalia koti, akaangalia tumbo, akasogea karibu kidogo kama mtu anayenusa.

"Umekula wapi?"

"Kidogo tu. Naif."

"Kabla ya kuja hapa?"

Nikavuta koti kufunika tumbo.

"Hii haifungwi, kaka."

"Basi ngoja nijitahidi, mdogo wangu, ngoja..."

"Usijitahidi. Sitaki uile kwa kujitahidi."

Akaichukua ile sahani mbele yangu, akaondoka nayo. Hakuitupa kwa hasira wala nini. Akaiweka kwenye trei ya vyombo vichafu, akanawa mikono, akarudi kwenye kibano chake. Mimi nikabaki na kijiko kisafi.

Nimefukuzwa na wenye maduka, nimetukanwa kwa lugha nisizozijua, sijawahi kujisikia mdogo kama pale.

Mchana huwa wana mapumziko kabla ya zamu ya jioni. Nikamsubiri nyuma ya jengo, panaposhushiwa mizigo. Akatoka kavaa ndala, kashika chupa ya maji. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Mimi siishiwi maneno.

"Rehema, kuhusu duka..."

"Kaka. Makubaliano yetu yalikuwaje?"

"Nile kwanza, ndipo niseme."

"Umekula?"

"Nimekula zote. Kasoro moja."

"Hiyo moja ndiyo niliyokuitia. Hizo nyingine ni za watu."

Nikatafuta pa kushika. Nikaanza kumwambia kwamba kwa ujumla wake nimetimiza sehemu kubwa ya masharti. Akanitazama tu, nikajisikia nilivyo mjinga, nikaacha katikati ya sentensi.

"Ungekula ukasema nirudi, ningerudi," akasema. "Wallahi ningerudi, kaka. Nilikuwa nimejiandaa. Nilichotaka ni uone unaniambia niache nini. Umekuja umeshamaliza kuamua, unasubiri tu na mimi niitikie."

Mtu aliyevunja masharti aliyoyakubali mwenyewe hana bei ya kutaja. Hilo nalijua kuliko wote.

"Basi saini," nikasema.

"Na Mama? Wewe ndiye uliyemwambia narudi."

"Nitampigia mimi."

Akaitikia kwa kichwa, akanipa ile chupa ya maji ninywe, maana alinionea huruma jasho, akarudi ndani.

Jioni ile ile nikampigia Mama. Nikamwamkia, akaitikia, moja kwa moja akaanza kunieleza ameshatoa vyombo kwenye kile chumba cha uani, Rehema afikie humo akija kutoka Dar, kapaka chokaa, kanunua godoro. Nikamwacha amalize.

"Mama, Rehema harudi."

Akaacha habari za godoro.

"Nani kasema?"

"Kaamua mwenyewe. Na mimi nimekubali. Kukwambia vile nilikosea mimi, sio yeye."

Nikamsikia anavuta kiti. Kisha akauliza taratibu, sio kwa ugomvi:

"Hicho anachokipika huko kikoje, hata kikamzidi nyumbani?"

Nikamweleza. Nikasema ni kama limau, jeusi, linang'aa, limetengenezwa kwa sukari, ukiligonga linapasuka, watu wanafumba macho.

"Rangi sikukuuliza," Mama akasema. "Nimekuuliza kikoje mdomoni. Si ulikula?"

Wakuu, nilikaa na simu sikioni kama mtu aliyeishiwa salio.

Nikamwambia ukweli wote, na pilau. Hakucheka. Akasema, "Mwanangu, umemvunjia heshima," akaniaga.

Tangu siku hiyo nalizungusha kichwani. Wengi wetu tunaoshika familia toka huku ughaibuni tuna mchezo huu. Tunatuma hela, tunajiona wazazi wa kila mtu. Tunamuuliza mtu anaonaje wakati tiketi tumeshakata. Mimi nilidhani namsikiliza mdogo wangu kwa sababu nilivaa koti nikapanda metro. Ukimwendea mtu huku jibu unalo, hujamwendea.

Duka la Kariakoo bado halina mtu wa kuaminika. Rehema amesaini. Tunaongea, ila habari za kazini kwake hanigusii tena.

Nafasi ya ndugu kula bure nimeshaitumia. Nikawapigia mgahawani kama mteja wa kawaida, nikamuuliza dada wa mapokezi kama naweza kulipia sahani ile moja tu ya mwisho. Akasema, "Sir, menyu haikatwi." Nikauliza kuna punguzo gani kwa anayerudi. Akasema hakuna. Nikasema "khalas, naondoka" kama kawaida yangu, ila mlango wenyewe ni wa kwenye simu, na hakuna aliyeniita. Nikalipia zote tisa, siku yenyewe bado haijafika.

Rehema sijamwambia.

Waliowahi kumpangia ndugu maisha, na waliowahi kupangiwa, karibuni mseme, matusi nayo nitayapokea. Ila kama kuna mtu humu amewahi kula kile kitu, namwomba sana, asiniambie kikoje.