Nyimbo za Kumwogeshea Msumeno

Wanafunzi walimwita Msumeno, na yeye alilijua jina hilo na kulipenda. Alifundisha muziki katika shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno "vizuri". Aliyeimba bila kosa aliambiwa, "Haya, endelea." Aliyekosea aliulizwa mbele ya wenzake kama kwao wanafuga mbuzi. Siku moja mkaguzi wa elimu alikuja kusikiliza kwaya, akawa anatikisa kichwa nje ya mapigo. Msumeno alisimamisha wimbo, akamwomba achague: atulize kichwa, au akitoe nje pamoja na mwili wake.

Binti yake hakusalimika. Akiwa na miaka tisa aliimba mstari mmoja tu kwenye majaribio ya kwaya, mama akafunga kinanda.

"Mungu hamnyimi mtu kila kitu," alisema. "Wewe kashone."

Darasa zima likaangua kicheko. Binti akaenda, akashona kweli. Akawa fundi wa mapazia mwenye karakana yake nyuma ya duka la vioo, cherehani mbili na meza ndefu ya kukatia. Kuimba hakuimba tena. Hata penye sherehe alifungua na kufumba mdomo kama samaki, sauti haitoki.

Alzeima, ugonjwa wa kusahau, ilipomwingia Msumeno ilianza kula majina, ikafuata njia ya dukani, mwisho ikamla binti mwenyewe. Siku za neema alimwita "dada wa mapazia". Siku nyingine alikuwa "huyu mwanamke". Kilichobaki kizima, bila hata mkwaruzo, ni dharau. Watu husema ugonjwa ule humgeuza mtu. Huyu ulimkamua tu, tui likaenda zake, machicha yakabaki.

Kazi ilikuwa kumwogesha. Maji yakimgusa bega alipiga kelele kama anayechunwa ngozi. Alimng'ata binti mkono, akapasua kopo la kuogea, na wiki nzima ikapita hajaoga. Kaka mtu, mtoto wa kwanza, aliyeishi mbali na kuuguza kwa simu, akatoa ushauri.

"Mpigie nyimbo za zamani. Nimesoma mahali. Utaona muujiza."

Akatuma na spika ndogo. Msumeno alisikiliza ubeti mmoja, akasema, "Mpiga ngoma amelewa," akaitosa spika kwenye ndoo.

Basi binti akampeleka kituo cha mchana cha wazee, ukumbi wa kuta za kijani wenye harufu ya dawa ya sakafu. Mtaalamu wa tiba ya muziki alikuwa mwanamume wa makamo, ana upara, amevaa shati la picha za ndege, anazungumza kwa sauti ya kubembelezea vichanga. Binti alimdharau kabla hajakaa. Mtu mzima na akili zake, alijiambia, amesomea kugawa makopo ya kokoto!

Wazee waliketi duara, kila mmoja na kopo lake la kutikisa. Mtaalamu akapiga gitaa, akaanzisha wimbo wa mvua ambao kila mtoto hufundishwa darasa la kwanza. Mzee mmoja, zamani dereva wa lori, ambaye kwa miezi hakutamka hata jina lake, akaimba ubeti mzima. Mkewe akajifuta macho.

"Nani amempa huyu gitaa?" Msumeno aliuliza kwa sauti ya darasani. "Uzi wa tatu umelegea. Na wewe babu, unaburuza kama trela."

Binti alitamani sakafu immeze. Mtaalamu akakaza uzi.

"Sasa je, mwalimu?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Haya, endelea."

Saa nzima Msumeno aliketi, akikosoa kila kiumbe. Hakuomba kurudi nyumbani hata mara moja. Walipokuwa wanatoka, mtaalamu alimsogelea binti.

"Nyumbani nani humwimbia?"

"Hakuna. Mimi siimbi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikataza."

Yule bwana akacheka, halafu akauona uso wa binti na kuacha. "Samahani, dada. Lakini mwimbie, hata anapooga. Umemwona leo? Anatulia akiwa na kosa la kusahihisha."

Siku tatu binti alimsimanga mtu yule kila aliposhika mkasi. Ati nikaimbe bafuni! Siku ya nne Msumeno alijichafua asubuhi na mapema, na hapakuwa na ujanja. Binti akafunga mlango wa bafu, akafunga na dirisha ili wapangaji wasisikie, akaanza wimbo wa mvua. Sauti ilitoka kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Msumeno alikuwa amekwisha kunja ngumi. Ngumi ikabaki hewani.

"Umeshuka."

"Wapi, mama?"

"Hapo hapo ulipoanzia! Aibu gani hii? Anza tena."

Binti akaanza tena. Maji yakapita begani.

"Pumua kabla ya mstari. Usipumue katikati, unasikika kama mashine ya kusaga."

Sabuni ikapita mgongoni, kwapani, miguuni. Kufika ubeti wa tatu Msumeno alikuwa ndani ya taulo, mkavu, na bado anakasirika.

"Nani alikufundisha wewe?"

"Wewe, mwalimu."

"Mimi? Sijawahi kufundisha balaa kama hili."

Binti alideki bafu kwa hasira. Moyoni, mahali asipopenda kupachungulia, alikuwa ametumaini kusikia neno jingine. Kesho yake akaimba tena, na keshokutwa. Hakulazimika kujifanya anakosea.

Ilienda hivyo miezi minane. Kaka mtu alikuja kusalimia, akasimama mlangoni na simu yake kurekodi, akijisifu, "Si niliwaambia muziki?"

"Wewe wa mlangoni," Msumeno akamwambia, "imba au toka."

Akaimba.

"Toka."

Baadaye masahihisho yakaanza kupungua. Sentensi ikawa neno, neno likawa kidole kinachoelekezwa juu kumwambia binti apandishe sauti. Kisha hata kidole kikakoma, ingawa mama aliendelea kutulia majini wimbo ulipoanza. Kimya kile kilimtia binti hofu kuliko matusi yote. Lakini sikio lake mwenyewe lilikuwa limefunguka. Alijisikia akishuka kwenye noti ya tatu, akarudi nyuma, akairekebisha, huku akimwaga maji. Msumeno alifariki majira ya baridi, kwa homa ya mapafu, akiwa msafi.

Mtaalamu alimfuata binti karakanani, akamwomba aje kuwaimbia wazee wengine. Amepitia mengi, alisema, atawafaa.

"Mimi si mwimbaji," binti alimjibu, pini zikiwa mdomoni. "Nilikuwa namwogesha mama yangu."

Mwezi uliofuata akarudi na ombi lile lile. Akaambiwa aache kubembeleza, alete vipimo vya madirisha ya ukumbi wake, maana matambara yale aliyoyatundika ni fedheha. Akaleta vipimo, akakosea viwili. Binti alikwenda mwenyewe na futi kamba, akapima upya, na Ijumaa mapazia yakatundikwa.