Sahani Chini ya Kawa

Juzi nilikuwa nikitafuta kikombe katika kabati la marehemu nyanya, nyumbani kwetu mtaa wa Barani, nikaiona. Sahani ya bati, nyeupe, ua la buluu katikati, ukingo umebanduka. Si yetu, ni ya jirani. Nikaufunga mlango wa kabati upesi. Utanicheka, rafiki yangu: msomi mzima, anaogopa sahani.

Ulikuwa mwaka ule watalii walipoacha kuja. Hoteli aliyopikia baba ilifungwa, na mwanawe jirani, aliyekuwa mhudumu, naye akarudi nyumbani. Mtaa ukanyamaza. Husikii mbuzi ya nazi ikikwaruza, hunusi samaki wa kukaanga. Nyumba ya pili kutoka kwetu jiko lilipozimika, jamaa walikuja wakawagawana watoto, huyu akapelekwa Adu, yule Dabaso. Tangu hapo kila mjomba alipopiga hodi kwetu, mimi nilijificha uvunguni.

Kwetu, jirani akikuletea chakula, humrudishii sahani tupu. Basi hodi ya jirani, niliyokuwa nikiipenda, ikawa inatutia baridi. Nyanya alirudisha ndimu mpaka mti ukaisha. Kisha asumini. Kisha hakukuwa na kitu.

Jioni moja jirani alileta sahani imefunikwa kawa la ukindu. Nyanya akafunua. Ndani mlikuwa na jani moja la mndimu, basi. Wakatazamana. Nyanya akacheka mpaka akakaa chini, akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Na wewe, shoga?"

"Na mimi. Lakini watu watuone tumepika. Au wataka wamchukue huyu?"

Huyu ni mimi.

Sahani ikawa yaenda na kurudi, tupu, chini ya kawa, na mbebaji nilikuwa mimi. "Mikono miwili, na usikimbie," nyanya aliniambia. "Mwenye chakula hakimbii." Nilivuka kichochoro nikiuogopa upepo kuliko mbwa. Wazee wa barazani hawakuniacha.

"Leo biriani ya nini, binti? Hata harufu mwatunyima!"

"Ya kuku, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Basi tubakishie shingo!"

Walicheka. Mimi nilikibana kile kilele cha kawa kwa kidevu, na tumbo likinguruma kwa sauti ambayo hadi leo nadhani waliisikia.

Sikuchukuliwa. Hoteli zilifunguliwa, wali wa nazi ukarudi, na sahani ikaenda ikiwa nzito.

Sasa jirani amehama, na nyumba yake inapangishwa kwa wageni. Ina geti la chuma na kamera juu yake. Mwezi huu hoteli zimeanza tena kupunguza watu. Baba huketi jikoni akinoa kisu ambacho tayari ni kikali. Mimi nina shahada, kazi sina.

Jana jioni niliiosha ile sahani, nikaifunika kawa, nikasimama nayo mlangoni kwa mikono miwili. Kichochoro kilikuwa kitupu. Baraza halikuwa na mtu wa kunichokoza. Nikalitazama lile geti, nikawaza: njaa ikitufika tena, hodi nitampigia nani?